Siku Saba za Saa ya Mkwe

Ubao ulipobadilika mara ya tatu, Mpishi hakungoja kuambiwa. Aliinuka kwenye kiti cha chuma alichokikalia tangu alfajiri, akaenda kusimama chini ya ubao, akafuata mistari kwa kidole mpaka akaiona safari yao. Kisha akarudi mikono kiunoni.

"Saa kumi na moja jioni," alimwambia mumewe. "Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Ikawa saa nne. Ikawa saa saba. Sasa kumi na moja. Hawa watu hawajui kupika."

"Ndege haipikwi, mama."

"Kila kitu kinapikwa. Mimi nina watoto mia nne pale shuleni. Nikisema chakula bado dakika kumi, ni dakika kumi. Mwenye njaa ukimdanganya mara tatu, mara ya nne anakufuata jikoni na sahani yake."

Ukweli ni kwamba hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na furaha, furaha ya kumnyima mtu usingizi, na hasira alikuwa akiiigiza tu kwa sababu abiria wote pale mlangoni walikuwa wamekasirika, naye hakutaka kuonekana mshamba. Umri wake miaka hamsini na minne, jana usiku ndiyo mara ya kwanza kupanda ndege. Alikula chakula kilichopangwa kwenye sinia dogo, kila kitu na kifuniko chake, akavipekua vyote kwa jicho la mtaalamu na kuamua kwamba wali ulikuwa umelala. Aliona mawingu kwa upande wa juu. Na kesho alikuwa anaozesha.

Kesho saa nne kamili asubuhi, binti yao wa pekee angefunga ndoa huko ng'ambo anakofanya kazi ya uuguzi. Ofisi ya ndoa ya mji ule ilikuwa haina mzaha: kila wawili wanapewa dakika ishirini, na wasipofika na mashahidi wao zamu inapita. Zamu nyingine ingepatikana baada ya miezi mitatu, wakati viza za wazazi zilikuwa za siku kumi. Na mashahidi walioandikwa, kwa majina na namba za pasipoti, ni wao wawili. Binti ndiye aliyetaka hivyo. "Rafiki zangu wapo wengi," alisema kwenye simu, "lakini karatasi ile nataka itiwe sahihi na nyinyi." Baada ya simu hiyo Mpishi alilia mpaka ukoko ukashika sufuria ya watoto mia nne.

Kutoka uwanja wa ndege wa kule hadi mji wa binti kulikuwa na treni. Ya mchana walikuwa wameshaikosa. Iliyobaki ni ya saa tano usiku, nayo wangeiwahi kama ndege ingeondoka saa kumi na moja kweli, isiongezewe tena maji.

"Tutaiwahi," alisema mumewe, akautazama mkono wake wa kushoto. "Hesabu inakubali."

Mtaani kwao walimwita Dakika. Alikuwa fundi saa, mwenye meza ya kioo nje ya duka la dawa, na katika ndoa ya miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchelewa popote. Siku ya harusi yake mwenyewe alifika kabla ya wapambaji. Ukimpelekea saa yako akaitengeneza, hakupi siku hiyohiyo. Anaivaa mwenyewe siku saba, mchana na usiku, na kila asubuhi anailinganisha na milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Katika siku hizo saba saa haiguswi. Haitiwi majira, hairudishwi nyuma, haisogezwi mbele hata dakika. "Saa iliyoguswa katikati ya majaribio," husema, "haijajaribiwa."

Saa aliyoivaa leo ilikuwa ya mkwe. Ilikuwa ya marehemu baba yake, imelala miaka kumi na miwili, na kijana aliituma kwa mkono wa msafiri akiomba ikiwezekana aivae siku ya ndoa. Fundi aliikalia miezi miwili. Ilipoanza kutembea Jumamosi iliyopita, aliivaa palepale, na siku saba zingetimia kesho.

"Mzee Dakika," aliita mtu wa kiti cha jirani, "hebu tuambie, tumekaa hapa siku ngapi?"

Huyu alikuwa dereva wa malori, mtu mnene wa kucheka, aliyekuwa akienda kuchukua lori la tajiri wake. Walikutana naye alfajiri kwenye foleni ya kuvua viatu, wakagundua kuwa lugha ni moja, na tangu hapo hawakuachana. Dereva alijua viwanja vyote. Ndiye aliyewaonyesha maji ya kunywa ya bure yalipo, baada ya Mpishi kuulizia bei ya chupa na kuirudisha rafuni taratibu kama yai.

"Mimi gari likiniharibikia," Dereva aliendelea, "nalala chini yake mpaka lipone. Rubani wetu saa hizi yuko hotelini kajifunika shuka."

"Usimseme mtu aliyelala," Mpishi alisema. "Mwache alale. Tunataka aamke na nguvu."

*

Mchana waligawiwa kuponi za chakula. Dada wa skafu nyekundu aliyezigawa aliongea nao kwa sauti kubwa na polepole, kama anayeongea na viziwi, ingawa Fundi alikuwa na kilugha chake cha kigeni alichokiokota kwenye vitabu vya saa na alimwelewa tangu neno la kwanza. Mgahawani waliambiwa kuponi inalipia mkate na maji, hailipii chai. Mpishi alikuwa ameshaonja. Ilibidi Fundi atoe noti yake ya kigeni, moja kati ya chache, na msichana wa kaunta akaiinua kwenye taa kuikagua mbele ya foleni nzima.

"Angalau chai ni nzuri?" Fundi alimuuliza mkewe walipokaa.

"Maji ya moto yenye jina," alisema Mpishi, akainywa yote.

Dereva aliwaaga hapo. Alikuwa anarudi mlangoni kulala sakafuni karibu na dawati. "Kumbukeni, mlango wanafunga saa kumi na dakika arobaini," alisema. "Na hapa si kwetu. Tofauti yetu na hapa ni saa moja."

"Saa moja," Fundi aliitikia. Mtu wa saa haambiwi jambo la saa mara mbili.

Miguu ya Mpishi ilikuwa imevimba. Alivua viatu chini ya meza asionekane, lakini Fundi aliona, akamshika mkono wakatembea kutafuta mahali pa kunyoosha miguu. Walipita maduka ya manukato, ambako Mpishi alijipulizia chupa nne tofauti mpaka mwenye duka akaanza kuwafuata nyuma. Mwishowe walikuta ukumbi wa kupumzikia, wenye viti virefu vya kulalia na mwanga hafifu. Hakukuwa na matangazo humo ndani, watu wasiamshwe. Juu ya mlango wake palikuwa na saa kubwa ya mishale.

Fundi aliitazama ile saa, akasimama. Tangu asubuhi hawakuwa wamehitaji kujua saa ya pale. Walikaa na wenzao, wenzao wakiinuka wanainuka. Sasa walikuwa peke yao, na ilibidi ajue. Aliinua mkono. Saa ya mkwe, iliyokuwa bado na majira ya nyumbani, ilisema saa nane.

Kwa miaka minane, kila Jumapili, mtu huyu alikuwa akimpigia simu binti yake. Kule kwa binti wako nyuma ya kwao kwa saa mbili, na kila Jumapili Fundi alitazama saa yake na kutoa. Hakuwahi kuhitaji kujumlisha. Kwake yeye, ng'ambo maana yake ni kutoa. Basi alitoa ile saa moja, akapata saa saba mchana, kisha akaitazama tena saa ya juu ya mlango. Ilisema saa tisa.

"Inakimbia," alisema.

"Nini?"

"Hii saa yao. Iko mbele saa mbili nzima." Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Uwanja mkubwa kama huu, fundi hawana."

"Na ile ya kwenye ubao?" Mpishi aliuliza, maana aliona kwa pembe ya jicho ubao wa ukumbini ukisema vilevile.

"Zote hizi zina mama mmoja. Kuna saa kuu mahali, nyingine zinamfuata. Mama akipotea njia, watoto wote wanapotea."

Mpishi alitoa simu yake. Simu ilikuwa haijapata mtandao tangu waondoke nyumbani, nayo ikasema saa nane, sawasawa na mkono wa mumewe. Akairudisha mkobani. Kama angekuwa mtu mwingine angebisha. Lakini kumbishia Dakika kuhusu saa ni kumfundisha bata kuogelea. Walilala.

Lakini usingizi wenyewe haukuwa usingizi. Kila alipofumba macho Mpishi alimwona binti yake amevaa nguo asiyoijua, akacheka peke yake gizani. Aligeuka upande, akageuka upande mwingine. Akawaza mabegi, treni, na kama watu wa kule wanapika kwa gesi au umeme. Mwishowe akakaa.

"Baba, twende tukakae mlangoni."

"Bado mapema. Ni saa tisa kasorobo. Tuna saa mbili na robo."

"Nitakaa hizo saa mbili na robo nikiuona huo mlango. Hapa roho haitulii."

Fundi alicheka, akaanza kutafuta viatu vyake. "Ukifika peponi utaomba usimame karibu na geti," alisema.

*

Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Viti mia mbili vilivyokuwa vimejaa watu na watoto na kelele tangu asubuhi vilikuwa vitupu, karatasi za mikate zimebaki sakafuni. Dada wa skafu nyekundu alikuwa nyuma ya dawati akipanga vipande vya tiketi. Nyuma yake mlango wa kioo ulikuwa umefungwa, na nje ya kioo ndege yao ilikuwa imesimama, taa yake nyekundu ikimetameta.

"Wamehamishwa mlango," Mpishi alisema kwanza. Kisha aliona uso wa mumewe.

Fundi alikuwa amesoma kadi yake ya kupandia ndege, akasoma ubao, akamtazama yule dada, akatazama saa ya ukutani. Kumi na dakika hamsini na mbili. Halafu akatazama nje, kwenye jua. Jua lilikuwa la karibu saa kumi na moja, hata mchunga mbuzi asiye na saa angekuambia. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaketi.

"Nilitoa," alisema. "Nilitakiwa kujumlisha."

"Umefanya nini?"

"Nimetoa, mama. Mimi nimetoa."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mganga hajigangi, wanasema, na kinyozi hajinyoi, lakini hakuna msemo unaotosha kwa fundi saa aliyelala usingizi mlango ukifungwa, tena baada ya kuutukana uwanja mzima kwamba haujui saa. Alimweleza yule dada kwa kilugha chake, akikwama kila neno. Dada alisikiliza, akasema, kwa sauti kubwa na polepole, kwamba waliitwa mara sita, kwamba mlango umefungwa, na kwamba ndege inayofuata ni kesho jioni.

Kesho jioni. Mpishi hakuhitaji kutafsiriwa, aliyasoma usoni mwa mumewe. Kesho jioni zamu imeshapita, ndoa haikufungwa, na binti amesimama kwenye korido ya ofisi ya watu na maua mkononi. Furaha yote ya siku mbili ilimshuka miguuni ilikovimba. Alienda kwenye kioo, akaegemeza paji la uso.

Ndipo alipoona kitu cha ajabu huko chini. Tumbo la ndege lilikuwa wazi. Wanaume watatu wenye vizibao vya njano walikuwa wakitoa mabegi, wakiyapanga sakafuni, wakisoma vikaratasi vyake kimoja kimoja. Pembeni, limetengwa peke yake, lilikuwa begi kubwa la bluu lililofungwa kwa kamba ya aproni.

"Lile begi ni langu," alisema. "Baba, begi langu linafanya nini pale?"

Fundi aliuliza, akajibiwa. "Ndege haiwezi kuondoka na mzigo ambao mwenyewe hayumo. Ni sheria. Lako wamelipata. Wanalitafuta sanduku langu, liko ndani kabisa. Anasema itawachukua nusu saa nyingine."

Mpishi aligeuka. Nusu saa. Ghafla alikuwa jikoni kwake, ana watoto mia nne kwenye foleni na msaidizi mmoja mjinga, na akili yake ikawaka kama jiko.

"Mwambie hivi," alisema. "Mwambie anatafuta sanduku nusu saa ili atuache. Kututia ndani ni dakika mbili. Kipi kinamchelewesha?"

"Mama, sheria..."

"Sheria ni kwamba mzigo na mwenyewe wawe pamoja. Sasa mwenyewe si huyu hapa? Mwambie."

Fundi alimwambia. Sentensi ilitoka kichwa chini miguu juu, lakini ilitoka. Dada wa skafu nyekundu alifungua mdomo kukataa. Akaufunga. Alitazama nje, akatazama saa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuwa mtu aliyechoka, aliyesimama tangu alfajiri akitukanwa na watu mia mbili kwa kosa lisilo lake. Aliinua redio yake ya mkononi akaongea kwa haraka. Redio ikakwaruza. Akaongea tena. Mpishi alikuwa amemshika mumewe mkono kwa nguvu ambazo zingeweza kupasua kioo cha saa.

"Rubani amekubali," Fundi alitafsiri, haamini. "Lakini begi la bluu limeshashushwa. Hawalirudishi, litakuja kesho."

Ndani ya begi la bluu kulikuwa na gauni lake la kuendea harusini, suti ya Fundi, na viatu alivyokuwa amevinunua kwa mafungu matatu.

"Libaki," Mpishi alisema. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Ndani ya ndege macho ya watu mia mbili yaliwageukia. Wengine waliguna. Mama mmoja alipiga makofi matatu, si ya pongezi. Watu hawa walikuwa wamengoja tangu asubuhi, wakavumilia rubani, mitambo na mvua ya nchi wasiyoijua, na sasa mwisho wa yote walikuwa wamengojeshwa na wazee wawili wanaonukia manukato manne. Fundi alitembea katikati yao ameinamisha kichwa.

"Kumbe ni nyinyi," ilisema sauti ya Dereva kutoka dirishani.

"Ni sisi," Mpishi alijibu.

"Lahaula. Nimewatukana nusu saa nzima. Walipotaja majina yale ya kwenye pasipoti mimi nitajuaje? Mimi namjua Mzee Dakika na Mama Mpishi. Nikasema, hao mabwege wawili wakija niachieni mimi." Alihamia kiti cha pembeni, akamwachia Mpishi dirisha, akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Kaeni. Nimeshawasamehe."

Ndege iliruka. Mpishi alisahau aibu papo hapo, akabana pua kwenye dirisha, akayaona magari yakiwa madogo kama punje za mchele. Alitaka kumwonyesha mumewe, lakini Fundi alikuwa ameketi wima, mikono magotini, hatazami kitu. Alikaa hivyo saa nzima. Alikataa chakula. Mpishi alikula vyote viwili, maana kukasirika ni jambo moja na kutupa chakula ni jambo lingine.

"Si saa iliyokosea," Mpishi alisema mwishowe.

"Najua."

"Imekwenda sawa siku sita. Aliyeivaa ndiye aliyepotea."

"Najua, mama. Usinirudie."

"Basi itie majira ya kwa mtoto, tusipotee tena."

Fundi alitikisa kichwa. "Majaribio yanakwisha kesho. Miaka yote hii sijawahi kugusa saa ya mteja kabla ya siku saba. Nikianza leo, na ya mkwe, nimebaki na nini?"

Mpishi aliona kwamba mtu huyu alikuwa ameaibika mahali ambapo hajawahi kuaibika, na hapo pabaya ndipo alipong'ang'ania kitu chake cha mwisho. Alimpenda sana wakati ule, na alimchoka vilevile. "Umebaki na mimi," alisema. "Na binti yako atakayetungoja saa nne kwa saa ya kwao, sio ya kwetu."

Magurudumu yalipogusa ardhi, simu ya Dereva ilinasa mtandao na saa ya kule, ikalia. Fundi alisikia mlio ule, akavuta pumzi. Alivua saa, akavuta kitufe cha pembeni, mshale wa sekunde ukasimama. Kisha akafanya jambo ambalo mtaani kwao lingehitaji mashahidi: aliiweka saa ya mteja kwenye kiganja cha mkewe.

"Rudisha nyuma saa mbili," alisema. "Taratibu. Dereva atakusomea. Akisema sasa, bonyeza."

Vidole vya Mpishi, vilivyozoea miko mirefu kama makasia, vilikizungusha kile kitufe kidogo kwa woga. Hakupumua. Dereva alihesabu kwa sauti, tatu, mbili, moja, sasa, na abiria wa kiti cha mbele wakageuka kuona kuna nini. Mpishi akabonyeza. Mshale ukaanza kutembea.

*

Treni ya saa tano waliipata mlango ukijifunga. Ikaendelea vizuri mpaka asubuhi, halafu ikasimama katikati ya mashamba bila sababu iliyosemwa. Fundi alitazama mkono wake mara moja tu. Ilipoingia stesheni kulikuwa na dakika nane zimebaki. Ofisi ya ndoa, binti alisema, ni jengo la mawe mkabala na stesheni, ghorofa ya pili.

Walikimbia na sanduku la Fundi, lililokuwa na soksi, shati moja na bisibisi. Mpishi alikuwa na nguo aliyoivaa siku ya pili, ina tone la mchuzi wa ndege kifuani. Alipanda ngazi akiwa ameshika viatu mkononi, mguu niponye, na juu ya ngazi alimwona binti yake amevaa gauni jeupe lisilo na mikono, amenona kidogo, ana maua, analia.

"Mama, wamesema imepita."

Mlangoni karani mwembamba mwenye daftari alikuwa ameshawaita bwana na bibi harusi wengine, ambao walisimama tayari na jamaa zao. Karani alinyoosha kalamu kwenye saa ya ukutani. Saa nne na dakika nne. Hakuwa mkali. Alisema kitu kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali.

Fundi alitazama saa ya ukutani, akatazama mkono wake. Mkononi ilikuwa saa nne kasoro dakika moja. Alifungua mdomo. Mpishi alimwona akiufungua, na akamwona akiufunga, maana jana mtu huyuhuyu alisimama chini ya saa ya watu akasema inakimbia. Shingo yake ilikuwa imelegea. Angenyamaza, na zamu ingepita, na mkewe asingeweza kumlaumu.

"Saa yenu inakimbia," Mpishi alisema.

Binti alimgeukia. "Mama?"

"Mtafsirie. Mwambie saa yao iko mbele dakika tano. Mume wangu ni fundi saa na hii aliyovaa imejaribiwa. Mwambie atoe simu yake aangalie."

Binti alitafsiri. Karani alitabasamu kama anayemhurumia mgeni, akatoa simu mfukoni. Aliitazama. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, akayashusha tena. Akamwita mwenzake wa dawati la pili, naye akatoa yake. Korido yote ilinyamaza, na katika kimya kile simu ya karani ikalia mlio mdogo wa saa kamili. Karani alifuta kitu kwenye daftari, akawaomba radhi wale wengine, akaufungua mlango.

Dakika ishirini zilipita kama mbili. Mpishi alitia sahihi akiwa pekupeku, akalichafua jina lake kwa chozi, karani akampa karatasi ya kukaushia. Fundi alitia yake kwa herufi ndogo zilizonyooka, kama anayechora ndani ya kioo cha saa. Walipotoka nje, mkwe, kijana mrefu mwenye aibu, alikuja kumshika mkono kwa mikono miwili.

Fundi alivua saa. Aliipangusa kwa ncha ya shati, akamfunga kijana mkononi mwenyewe, akatafuta tundu la mkanda linalomfaa. Kijana aliisikiliza sikioni muda mrefu. Baba yake alikuwa akifanya hivyo, alisema, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Ilijaribiwa siku zote saba, baba?" aliuliza. "Bi harusi ameniambia utaratibu wako."

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za mawe akivaa viatu, anacheka na binti yake, anamwuliza kama kule wanapika kwa gesi au kwa umeme.

"Siku sita nimeijaribu mimi," alisema. "Ya saba kaijaribu mama mkwe wako. Ivae bila wasiwasi."